Mchanga Unaopitisha Pumzi

Sufuria ikiwa nyororo kupita kiasi, watu hawakuhitaji kuuliza. Ilitoka kwa Mama Laini. Jina hilo lilimpendeza, na hakuficha. Mchanga wa kalibu zake, alimomimina alumini iliyoyeyuka kusubu sufuria, aliuchekecha kwa kitambaa cha pazia hadi ukawa kama unga, na fundi mwenzake akiomba japo kiganja kimoja, alijifanya hasikii.

Lakini sufuria zilikuwa zimemchosha. Alitaka kusubu vipuri vya mashine. Shemeji yake, aliyeshirikiana naye karakana na kusimamia tanuri, hakutaka hata kusikia. Mwenye bustani ya mboga alipoleta gamba la nje la pampu lililopasuka ili atengenezewe jipya, shemeji akalegea kwa sharti moja: likiwashinda, habari ya vipuri iishe, warudi kwenye sufuria bila manung'uniko. Mama Laini akakubali upesi, kana kwamba ameshashinda.

Sasa, gamba la pampu lina uwazi ndani. Ili uwazi huo upatikane, ndani ya kalibu huwekwa kiini cha mchanga uliogandishwa kwa molasi na kuokwa. Alumini iliyoyeyuka hukizunguka, ikipoa, mchanga huvunjwa na kumwagwa. Kwa kiini hicho alichagua mchanga wake wa heshima, ule wa pazia.

Gamba likatoka linang'aa. Wakalijaza maji, likavuja kila upande. Walipolikata, ukuta wa ndani ulikuwa na matundu kama mkate. Shemeji hakufoka. Alisema tu kwamba mwenye bustani bado hajajua, basi wajaribu mara moja tu ya mwisho. Upole ule ulimuuma Mama Laini kuliko matusi.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amepakata kiini cha akiba. Akakipuliza kukitoa vumbi, pumzi ikamrudia usoni. Akapuliza tena mpaka mashavu yakamtuna. Hakikupita kitu. Hapo akaelewa, na aibu ikamshika: molasi ikiungua hutoa moshi, na moshi ule, kwa kukosa upenyo katikati ya chembe zilizobanana, ulikuwa umejipenyeza kwenye alumini. Ulaini aliojivunia ndio uliomwangusha.

Mchanga wa pazia akausukumia kando. Akajaribu ule wa waashi. Ulikuwa na udongo, nao ukaziba. Akaenda mtoni kuchota wenye chembe nene, akauosha hadi maji yakatakata. Pumzi ikapita, ila kiini kikamvunjikia mkononi. Akazidisha molasi, kikaziba. Akapunguza, akakioka mpaka kikawa rangi ya ganda la mkate. Shemeji akamkuta amekibandika mdomoni, midomo myeusi tititi, akauliza kama chakula kimekwisha nyumbani.

"Acha utani, shemeji. Puliza, uweke mkono huku nyuma."

Akapuliza. Hewa ikamgusa kiganja. Akakitazama kiini, akamtazama yeye, kisha akaenda kuwasha tanuri.

Gamba lilipopoa, Mama Laini aligongagonga kwa kijiti, mchanga ukamwagika wenyewe. Ndani palikwaruza kama ulimi wa paka. Zamani angelifunika kwa gunia asionekane. Safari hii alipitisha kidole pale akicheka. Wakajaza maji, wakangoja. Akalizunguka, akapapasa chini yake. Kukavu. Akaketi palepale sakafuni, machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona.

Pampu ilipofungwa bustanini, maji yakaruka mpaka mwisho wa matuta, na mwenye bustani akawa anakimbia huku na huku kuuelekeza mpira kama mtoto. Mama Laini alisimama kwenye tope, viatu mkononi, kifua mbele. Alikuwa amesubu kipuri, na kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho ya watu.

Shemeji akamsogelea, akakohoa kidogo.

"Yule wa mashine ya kusaga," alisema, "gamba lake limepasuka. Nimeshamwambia alilete kesho."

"Kwetu?"

"Kwani kuna wengine?"