Kiazi Alichokula Madhabahuni

Mume wangu aliponywa Jumapili moja ya mvua, mbele ya kanisa lote, na uponyaji huo nusura umuue kabla ya ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulikuwa kooni. Ulianza kwa chakula kukwama. Githeri, yale mahindi na maharagwe, ikakataa kushuka, ikafuata chapati, baadaye hata ugali ukawa lazima usukumwe na maji. Daktari aliyemwingizia kamera kooni alituuliza kama mzee anapenda chai ya moto. Nilimtazama tu. Sisi ni watu wa Kibirichia, huko juu ambako ukungu unaingia mpaka jikoni, na chai isiyochoma midomo kwetu tunampa ndama. Daktari akasema ni kansa, na kwamba bado kuna mambo ya kujaribu, ila tusichelewe. Akatupangia siku ya kurudi.

Kutoka hospitalini hatukwenda nyumbani, tulipitia kwa mchungaji. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na sauti yake haikuhitaji maikrofoni. Akiomba, wanaopita barabarani walijua kanisani kuna ibada. Mchungaji alitusikiliza, akafumba macho, akasema huo si ugonjwa bali mshale. Msimu ule mnyauko ulikuwa umemaliza viazi vya majirani na vyetu ukaviruka. Kuna mtu hakulipenda hilo, akasema. Akatupa chupa ya mafuta ya upako tupake milangoni, madirishani na kwenye nguzo za lango.

Nilipaka. Mimi nikishika kazi sifanyi nusu, kwa hiyo nilipaka mpaka kitasa cha mlango kikawa kinateleza mkononi na mbwa akawa analamba lango. Lakini hofu haikuondoka, iliongezeka. Jirani akinisalimia, nilijiuliza anataka nini. Kuku wa watu akiingia kwetu, nilimfukuza kwa mawe kama vile ametumwa. Nimeishi na majirani hao tangu nilipoolewa, tumezikana na kuozeshana watoto, na sasa nilikuwa nawapima nyuso mmoja mmoja. Mume wangu hakuwa na shida na majirani. Yeye aliogopa kilichokuwa kooni mwake.

Ndipo ikaja Jumapili yenyewe. Mchungaji alimwita mbele, akamwekea mikono shingoni, akakemea kwa muda mrefu, kanisa zima tukikemea pamoja naye. Alipomaliza akamuuliza anajisikiaje. Mume wangu akasema anajisikia mwepesi. Sidhani alidanganya, ukishikwa na kusukumwa na kumwagiwa mafuta kiasi kile, utajisikia tofauti. Ila kanisani kwetu ushuhuda wa mdomo hautoshi. Aliyekuwa haoni husomeshwa Biblia, aliyekuwa akiumwa mgongo huinamishwa mpaka aguse sakafu. Nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wanapikia wageni, na mmoja akatumwa alete kiazi kilichochemshwa.

Kililetwa kwenye kisahani, kingali kinatoa mvuke, kiazi cha kwetu kabisa, chenye wekundu kwenye ganda. Mume wangu alikimega, akatia mdomoni, akatafuna. Kanisa likanyamaza. Akainua kichwa juu, akafumba macho, akainua na mikono. Ngoma zikalipuka, watu wakaruka, mama mmoja akaangua kilio cha furaha. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili. Nilikuwa naangalia shingo yake, na shingo ile haikusogea.

Nilimfuata baadaye kule nyuma ya vyoo. Alikuwa amekitema kwenye kitambaa cha mkononi, anakikunja polepole. Tuliangaliana. Tukarudi ndani tukasalimiwa na watu.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na wageni. Kila mtu alitaka kumwona aliyeponywa, na kila mtu alikuja na chakula amwone akila. Walileta mukimo wa viazi na mahindi, walileta viazi vya kuchoma, mmoja alileta mguu wa mbuzi. Mume wangu aliketi nao, akatia tonge mdomoni, akalizungusha, akacheka pale pa kucheka, halafu akaomba radhi aende kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wetu hawajawahi kuangaliwa kama walivyoangaliwa mwezi ule. Mimi nilibaki na wageni, nikiwakaribisha chai, huku nikimsikia nyuma ya zizi akikohoa kama mtu anayeng'olewa kitu. Wageni walikuwa wanaimba, hawakusikia.

Siku ya kurudi kwa daktari ikapita. Angeendaje? Kupanda gari kwenda kliniki kungekuwa ni kuliambia kanisa zima kwamba Bwana alisema uongo. Nami ningesemaje? Tulikuwa tumefundishwa kwamba mdomo ukikiri ugonjwa unamfungulia adui mlango. Nilikuwa nimepaka mafuta milango yote ya nyumba, kumbe mlango uliobaki ulikuwa mimi. Nikiwaza tu kwamba hajapona, niliona nimemuua mimi. Basi nilifunga mdomo. Nilipunguza suruali zake kiunoni, nikazipunguza tena, na watu walipouliza mbona mzee amekonda, nilisema anafunga. Hilo nalo walilisifu.

Alikuwa anaishi kwa maziwa na maji ya sukari. Sauti ikawa inakwenda pia, kidogo kidogo, na yule mtu wa kuombea barabara nzima akawa ananong'ona. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia kiazi kile. Nilikata tamaa kabisa, tena si kule kukata tamaa kwa kulia. Nilipika, nikakamua, nikaenda ibada, na ndani yangu hapakuwa na mtu.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye ghala la mbegu nikichambua viazi, nikitoa vilivyoanza kuoza kabla havijaambukiza vingine. Ni kazi ya mume wangu hiyo, lakini hakuwa na nguvu ya kuinama. Ghala letu lina giza na halina dirisha, na ukiwa ndani husikiki nje. Nilishika kiazi kimoja, kizuri kwa nje, kidole kikazama. Nikakaa chini kwenye udongo. Nilitaka kukemea kama nilivyozoea, nikaanza hata kusema "tunakataa," nikaona nimechoka kukataa. Nikasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwenzake habari: "Bwana, hajapona. Wewe unajua hajapona. Anakufa njaa, na mimi nimechoka kudanganya. Tulinde."

Nilingoja. Nilikuwa nimeogopa maneno hayo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitarajia paa lishuke. Paa halikushuka. Nje ng'ombe alilia mara moja akanyamaza. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na kitu kilichokuwa kimenikaba kifuani tangu siku ya kamera kikalegea. Sikupata maono wala sikusikia sauti. Hata furaha sikupata. Mume wangu alikuwa anakufa na bado nililijua hilo. Ila sikuwa naogopa. Nilikuwa nimesema neno baya kuliko yote mbele ya Mungu, na nilikuwa bado nimekaa mahali palepale, mzima.

Niliingia ndani bila hata kunawa. Alikuwa kitandani, amegeukia ukuta.

"Mzee," nikasema, "hujapona. Nimeshamwambia Mungu."

Akanong'ona bila kugeuka, "Amesemaje?"

"Hajasema kitu. Lakini hajakasirika."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa utani. Nilipomgeuza nikaona analia, mdomo wazi, bila sauti kabisa. Nilipanda kitandani na matope yangu nikamshika. Akaniambia kwamba tangu Jumapili ile alikuwa hawezi kuomba. Kila akifungua mdomo alikuwa anakutana na kile kiazi.

Kesho yake tulienda hospitali. Daktari hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alitazama picha, akasema yale mambo ya kujaribu hayajaribiki tena. Kilichobaki ni kumwekea mpira wa tumboni, apitishiwe chakula humo, asife kwa njaa. Nilimuuliza kama tungekuja siku ile ya kwanza ingekuwaje. Akasema hilo hakuna anayeweza kujua. Najua alikuwa ananihurumia, na sijawahi kumshukuru kwa hilo.

Mchungaji alikuja kutuona tuliporudi. Wageni wengine walikuwa wameacha kuja, maana nani anataka kumwona aliyeponywa akiwa na mpira tumboni? Yeye alikuja, kwa hilo namsifu. Alisimama miguuni pa kitanda na chupa yake mkononi, akavuta pumzi ya kuanza kukemea. Mume wangu akainua kiganja, akamwomba asipige kelele, amwombee tu. Yule kijana, maana mchungaji wetu ni kijana tu, alisimama pale asijue aanzie wapi. Mwishowe akasema Baba Yetu kama mtoto wa shule ya Jumapili, kutoka mwanzo hadi amina. Akaondoka na macho mekundu.

Nilifundishwa kumlisha. Unapika uji wa wimbi mwepesi, unatia maziwa, unachuja mara mbili, unaacha upoe, unaupitisha kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi wa kumwaga, nikafungua mpira na kuelekeza bomba. Mume wangu akaufunika mpira kwa kiganja. Nilimwambia aondoe mkono, uji unapoa. Hakuondoa. Alinitazama mpaka nikaelewa: hatujaomba.

Nilicheka. Chakula hakipiti hata mdomoni, nikamwambia, tunakiombea nini? Akanong'ona, "Njaa ni ileile."

Nikamwambia aombe yeye. Akafumba macho, akasema kwa pumzi moja, kwa sababu zaidi ya hapo hakuwa nayo, "Baba, asante kwa uji. Usituache." Ndiyo ilikuwa sala yote. Yule mtu aliyekuwa akisimama madhabahuni mpaka watoto wakasinzia. Kutoka siku hiyo tuliomba hivyo kila mlo, yeye siku moja na mimi siku nyingine, na kila mara kiganja chake hakikutoka kwenye mpira mpaka amina. Nisiseme tulikuwa na furaha. Alikuwa na maumivu, nami nilimkasirikia Mungu asubuhi nikapatana naye jioni. Lakini mafuta milangoni yalikuwa yameshika vumbi, nikayapangusa kwa maji ya moto na sabuni, na nilianza tena kuwasalimia majirani bila kuwapima.

Alidumu mpaka viazi vilipoweka maua. Asubuhi moja nilileta uji, nikakaa, nikafungua mpira. Alitikisa kichwa. Hakutaka. Nilimbembeleza, akatikisa tena, na nilipoangalia macho yake sikubembeleza mara ya tatu. Nikaanza kuondoka na kikombe. Akanishika mkono.

Alitaka tuombe. Hakuwa na pumzi, kwa hiyo niliomba mimi. Nikasema, "Baba, asante kwa uji. Usituache." Alisogeza midomo kwenye amina. Halafu akaninyooshea kidole, akakinyoosha kwenye kikombe, akangoja.

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Niliunywa mimi, wote, huku akiniangalia.