Adau na Sura ya Mukendi

Adau aliletwa Kakuma akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya wakimbizi, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka: kinyozi, hoteli, mahali pa kuchaji simu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na herufi zake zilisimama wima, hata wafanyabiashara wa Kisomali wakawa wanamwita yeye. Hakuna aliyemwita mchoraji, wala yeye hakujiita hivyo.

Kisha akafahamiana na Mukendi, Mkongomani aliyesomea sanaa Kinshasa kabla ya vita kumtoa kwao. Mukendi alikuwa na kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, chenye picha za wachoraji wa kale wa Italia na Uholanzi. Mle ndani watu walitokeza gizani: uso, bega, kiganja, kisha giza tena. Adau akasema huo ni mwanga wa koroboi, anaujua tangu utotoni. Mukendi akamfundisha kukipaka kitambaa rangi nyeusi kwanza, halafu kuuleta mwanga kidogo kidogo. Akamweleza pia kwamba wale wachoraji hawakuwahi kumwona mtakatifu yeyote kwa macho. Walichukua wachukuzi na wauza mboga wa mitaani mwao, wakawavika shuka.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kanisa moja la Lodwar lilimpa Adau kazi ya kuchora kuzikwa kwa Yesu, picha itundikwe Ijumaa Kuu. Wa kubeba aliwapata upesi, wanaume wawili wapakuaji wa magunia. Wa kubebwa hakupatikana. Wadinka wenzake walikataa, Waturkana nao wakakataa, wote kwa neno moja: anayejilaza kama maiti anajiitia kifo. Adau hakuwalaumu, maana hata yeye aliogopa.

Mukendi akajitolea.

"Papa, watu wanasema utakufa," Adau akamwambia.

"Miye nilishalala katikati ya maiti wa kweli, nikiwa mzima," Mukendi akajibu. "Weye chora tu."

Jambo hilo alikuwa hajawahi kulitaja, na Adau hakumuuliza zaidi. Mzee akalala juu ya ubao, akafumba macho. Mara kwa mara Adau aliacha brashi akatazama kifua chake, kama kinapanda.

Picha ilipofika Lodwar, katekista Ewoi aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu namjua," akasema. "Ni ule mzee Mkongo wa Kakuma. Tulikula na yeye ugali sokoni. Sasa nitapigia yeye magoti namna gani?"

Wazee wa kanisa wakamuunga mkono. Walitaka sura ibadilishwe iwe ya Yesu wa kwenye kalenda, mwenye nywele ndefu za rangi ya asali. Adau alikaa mbele ya picha, rangi ikiwa tayari, asiweze. Akamwambia Ewoi kwamba uso huo ukifutwa itabaki picha ya watu waliobeba shuka. Picha ikatiwa stoo.

Mukendi hakufa. Mwanzoni mwa 2013 alipata safari ya kuhamia Kanada, akaondoka na wanawe. Kitabu alikichukua.

Ijumaa Kuu ilipokaribia, padri aliuliza picha iko wapi. Nyingine haikuwepo, kwa hiyo Ewoi mwenyewe akaitundika. Wakati wa ibada mwanamke mmoja wa Kerio, jina lake Akol, alisogea mbele akaigusa miguu ya maiti, akabaki hapo. Wengine wakamfuata. Ewoi alipiga magoti pamoja nao. Baadaye alisema yeye aliangalia miguu, uso hakuutazama.

Mume wa Akol alikuwa amezama ziwani, na mwili haukuonekana tena. Baada ya ibada Akol alimtafuta Adau.

"Mimi sikuona yeye akibebwa," akasema. "Nichoree yeye amebebwa."

Alikuwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho. Adau akaifanyia kazi Kakuma, akiwaita tena wale wapakuaji wawili. Habari zikasambaa, na kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wakimjia kutoka Lokori na Kataboi, kila mmoja na marehemu wake. Mabango akawaachia wengine.

Akol alipokuja kuichukua picha yake, alisema mume wake alikuwa mwembamba kuliko huyo. Adau akachukua rangi nyeusi, akayapunguza mabega. Akol akatazama tena, akatikisa kichwa kukubali. Walingoja rangi ikauke, wakinywa chai, kisha akaifunga picha kwa leso na kwenda kutafuta gari la Lodwar.