Siki Safi, Karatasi ya Uongo

Bi Mwanaarabu wa Chundwa hajawahi kuonja pombe, na neno tembo halimtoki kinywani. Basi sikilizeni maajabu: kazi yake ya miaka thelathini ni kugeuza tembo la mnazi kuwa siki. Hulinunua kwa mgema asubuhi, akalitia mtungini, akafunika kitambaa na kuliacha lichachuke lenyewe, mpaka likawa siki kali ya kukutoa machozi. Achari za kisiwa kizima cha Pate hutiwa siki hiyo. Kila mtu ajua yatoka wapi, na hapana asemaye. Ndiyo adabu ya kwetu.

Mwaka huu Fuad, mwenye duka Lamu mjini, alimwambia chupa zisizobandikwa karatasi hazipokei tena, maana serikali yataka ijulikane ndani mna nini. Bi Mwanaarabu akampa kazi mpwa wake Lubna, msichana wa mwandiko mzuri. Walipofika pa kutaja siki imetengenezwa kwa kitu gani, haya ikamshika Bi.

"Andika mai ya nazi," akasema.

Uongo mdogo wa heshima, jamani, nani angeuona?

Aliuona Wafula, afisa wa afya. Alizitoa chupa dukani, akapeleka moja ikapimwa, kisha akavuka mwenyewe hadi Chundwa na majibu.

"Bi, siki yako ni safi. Haikutiwa asidi wala uchafu."

"Alhamdulillahi!"

"Lakini siwezi kuiruhusu. Karatasi inadanganya. Haya si maji ya nazi."

Bi Mwanaarabu akachanganyikiwa. "Na ile nyeupe ya kiwandani, iliyo kando ya yangu?"

"Ile imeandikwa asidi na maji, na kweli ndiyo asidi na maji."

Ebo! Safi yaondolewa, asidi yabaki!

"Andika tembo la mnazi," Wafula akamwambia kwa upole, "chupa zako zirudi dukani. Bila hivyo hazirudi."

Bi Mwanaarabu akamwendea Ustadh Alwi, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye nyumbani kwake siki hiyo haikosekani. "Nikiandika, watasema nauza pombe. Nisipoandika, kazi yangu imekwisha. Nifanyeje?"

Ustadh alimweleza kituo kwa kituo. Tembo likigeuka siki lenyewe ni halali, wanazuoni wamekwisha kulisema hilo. Kilicho haramu ni kudanganya watu. "Andika, Bi, bila wasiwasi."

Lubna akaandika upya, Wafula akapitisha, chupa ishirini na nne zikarudi dukani. Wateja wakawa wazishika, wasoma, wazirudisha upesi kama zimewaunguza, kisha wachukua ile ya asidi. Baada ya wiki tatu Fuad alizirejesha zote Chundwa. Bi Mwanaarabu alilia waziwazi, hakujificha. Alipodanganya walinunua, aliposema kweli wamemkimbia. Siki ni ile ile!

Ijumaa moja Ustadh Alwi akabisha hodi. Bintiye aolewa, na achari ya harusi yataka siki. Bi Mwanaarabu akafurahi, angalau mmoja! Akamletea chupa mbili.

Ustadh akazipokea, akasoma karatasi, akatupa jicho ndiani huku na huku.

"Bi," akanong'ona, "huwezi kunibandulia hizi karatasi?"

Bi Mwanaarabu akabaki amemkodolea macho. Hakuwa akimkejeli, wallahi. Alitaka kujua tu.

"Nikizibandua, Ustadh, itazidi kuwa halali?"