Picha ya Kutoka Mbele

Mpwa wangu tulimwita Lenzi hata kabla hajashika kamera. Alipokuwa mdogo hakuweza kukaa na kutazama kitu kama watu wengine. Alilala chini ya meza akakagua nyayo zetu, akapanda juu ya kabati akahesabu vipara vya wageni. Kipara cha kwanza kutangazwa kilikuwa changu. Mjomba hana budi kuvumilia utani wa mpwa wake, lakini siku hiyo sikucheka.

Alipoingia chuo kusomea upigaji picha hakuna aliyeshangaa, na aliyefurahi kuliko sote ni mama yake, dada yangu mkubwa. Dada alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Alikuwa na mkono, si mchezo: suti iliyofika kama imetafunwa na ng'ombe ilitoka kwake inataka kusimama yenyewe. Mabwana harusi, wahitimu, wazee wa kamati, nguo zao zote zilipita mezani kwake kabla wenyewe hawajaenda kupigwa picha. Yeye picha aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, ya ujanani, ambamo anafanana na mtu aliyekamatwa akiruka ukuta. Kwa hiyo binti alipopata kamera, mama aliomba kitu kimoja tu.

"Nipige moja ya kutoka mbele. Nimekaa, nimevaa lile gauni langu la buluu, nakutazama. Niitundike sebuleni."

"Sawa, mama, nitakupiga," alisema Lenzi. Alikuwa na adabu yule mtoto, hakuwahi kumwambia mama yake hapana. Afadhali angesema, tungemtafuta mpiga picha mwingine.

Ubaya ulianzia kwa mwalimu wao. Aliwapa kazi ya muhula mzima: chagua mtu mmoja, umpige picha kutoka mahali ambapo watu hawasimami. Kutoka mbele, aliwaambia, hata mashine ya picha za pasipoti inaweza. Mwalimu huyo sijawahi kukutana naye, na ni heri yake.

Basi Lenzi akamchagua mama yake, na mimi niliyekuwa nasambaza nguo za duka hilo kwa baiskeli niliyaona yote. Nilimkuta amelala chali chini ya meza ya pasi, kamera imeelekea kidevu cha mama yake. Siku nyingine amepanda ngazi hadi kwenye vyuma vya kutundikia nguo, amejibanza kati ya makoti, anampiga utosi. Alimpiga kupitia mvuke, kupitia mkono wa shati, ndani ya kioo cha wateja. Mwenye duka alilalamika kwamba hajui tena kama anaendesha dobi au sarakasi. Dada alicheka tu, akanyoosha ukosi mwingine.

"Na ile yangu lini?" aliuliza.

"Jumapili, mama."

Maonyesho yalipofunguliwa chuoni, Dada alivaa gauni la buluu. Marinda yake ungeweza kuyakatia mkate. Alitembea polepole kutoka picha moja hadi nyingine, mkoba kifuani, na watu walipotambua kwamba ndiye mama mwenyewe wakamzunguka kumpongeza. Picha zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kulikuwa na moja ya mkono wake umeshika pasi, mishipa imesimama, nikaikodolea macho mpaka nikasahau soda yangu. Lakini Dada alifika mwisho wa ukuta, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena.

"Huu mkono wangu, nimeutambua," alimwambia binti yake. "Hiki kisogo, sawa. Huu utosi, mpaka mvi zangu umezianika. Sasa mimi mwenyewe niko wapi?"

Watu waliangua kicheko. Lenzi naye alicheka, akamshika bega. "Uko kote humu, mama."

"Aa, kumbe." Dada alitikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nikasikia kwa sababu nilikuwa karibu, "Hata mteja anayeleta shati hunitazama usoni, mwanangu."

Iliniuma. Nadhani ilimuuma na Lenzi, maana aliacha kucheka. Alimwahidi mbele yangu: Jumapili hii, bila kukosa.

Jumapili hiyo jua lilikuwa kali mno. Iliyofuata kulikuwa na mawingu. Halafu kamera ikaazimwa, halafu ikaja mitihani. Kwa kazi ya chuo alipiga picha hata mvua ikinyesha, lakini kwa hii ya mama alitaka mwanga wa peponi. Siamini kwamba alimdharau. Aliiona kazi rahisi, na kazi rahisi huwa haina haraka. Kinyozi hajinyoi, wahenga walikwisha kuliona hilo. Siku moja nilimwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," naye akanijibu huku anafuta lenzi kwa kitambaa, "Mjomba, uso wa mama hauendi popote."

Ulikwenda asubuhi moja ya kawaida, dukani, Dada akiwa na suruali ya mtu mezani. Mwenye duka alinusa moshi. Akaona pasi imetua juu ya kitambaa haisogei, jambo ambalo Dada hangelifanya hata akiwa usingizini, akakimbia kumtazama. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Hospitalini walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa hai, tukashukuru. Mguu ulianza kusikia, maneno yakarudi yakijikokota. Upande wa kushoto wa uso haukurudi. Jicho limelegea, shavu limeshuka, na akicheka hucheka nusu.

Lenzi alijifungia chumbani na picha zake zote. Nilipompelekea chai nilimkuta sakafuni, kompyuta magotini, anapitisha moja baada ya nyingine. Alikuwa anautafuta uso wa mama yake. Akipata jicho, nusu nyingine imefunikwa na mvuke. Akipata tabasamu, liko mbali ndani ya kioo, dogo kama kucha. Aliniuliza kama nina yoyote kwenye simu. Ninayo moja, ya kwenye sherehe, Dada anatafuna na macho ameyafumba. Niliona aibu kumwonyesha, lakini aliichukua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi kwa dada yangu mjukuu huyo alitangulia kabla hata ya mkwe.

Dada alipoweza kukaa bila kushikwa, Lenzi alikuja sebuleni na kila kitu: kamera, taa, shuka jeupe la kutundika nyuma, na gauni la buluu. Dada aliligusa marinda.

"Nani kapiga pasi hii?"

"Mimi, mama."

"Inaonekana."

Tulicheka sote watatu, na tulikuwa hatujacheka kwa muda mrefu. Lenzi alimvalisha, akamkalisha, akapiga goti mbele yake. "Nitazame hapa, mama. Kama ulivyotaka."

Dada aliitazama kamera kidogo tu, akainua khanga iliyokuwa mapajani akaziba shavu.

"Mama, ni uso wako ule ule. Mzuri."

"Ukipenda, chongo utaiita kengeza," alisema Dada, neno moja moja. "Lakini mimi nina kioo, mwanangu. Ule niliokuwa nakuomba uupige haupo." Akanyoosha mkono mzima akamfuta binti yake machozi. "Nipige kwa nyuma. Huko sijabadilika."

Lenzi alimsihi. Mimi pia nilimsihi, na sikusikilizwa. Kiti kilikuwa kizito na Dada hana nguvu za kukisogeza, kwa hiyo ni mimi niliyemgeuza akaelekea ukutani. Lenzi akapiga mara moja.

Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni, kama Dada alivyotaka. Wageni huisifu sana, kisha huuliza huyu ni nani, na Lenzi ndiye anayewajibu.