Kahawa ya Mzee Zisis Hunywewa Nje

Ukungu bado umeulalia uwanja wa Skamnopetra, na Evanthia Tzima anatoka mlangoni na trei mkononi. Juu ya trei kuna kikombe kimoja cha kahawa ya sukari kiasi na bilauri ya maji. Anazipita meza zake tupu, anakwenda kusimama ukutani, chini ya upenu, penye kiti kimoja cha buluu.

Kitini amekaa Zisis Bakolas, mchunga kondoo mstaafu wa miaka 88, kofia imemfika kwenye nyusi. Anachungulia kikombe kabla hajasalimu.

"Wee mtoto wa Lambros, povu liko wapi leo?"

"Limekwenda mjini Ioannina kutafuta kazi, Mzee Zisis, kama vijana wote wa hapa."

"Basi lifuate na wewe."

"Nikienda utapikiwa na nani? Na mbwa wako?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa, na kikohozi hakikatiki upesi. Evanthia anasubiri. Kikishapita anamwambia lile analomwambia kila asubuhi: "Ingia ndani, mzee wangu. Jiko linawaka." Na kila asubuhi mzee hutikisa kichwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Ugiriki viliisha mwaka 1949, redio ilitangaza. Katika kijiji hiki cha milimani havikuisha. Vilihamia mikahawani.

Mikahawa yenyewe ilikuwa miwili, ikitazamana uwanjani. Wa juu ulikuwa wa watu wa mrengo wa kushoto, waliopigana msituni na jamaa zao. Viti vyake vilipakwa kijani. Wa chini ulikuwa wa waliokuwa upande wa jeshi la serikali. Viti vyake buluu. Hata mgeni aliyetaka maji ya kunywa tu aliulizwa kwanza yeye ni wa nani.

Zisis alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili wapiganaji wa msituni walipompiga risasi kaka yake. Watu walisema amri ilitolewa kwenye viti vya kijani. Mwaka uliofuata askari walimchukua mwenye viti hivyo, wakamfunga miaka minane kwenye kisiwa cha wafungwa wa siasa. Watu wakasema aliyemtaja ni Lambros, mwenye viti vya buluu. Nani alisema kweli? Waliojua wamelala makaburini bega kwa bega, na hawasemezani.

Sasa, huyo Lambros ndiye baba yake Evanthia. Na Stergios, mtoto pekee wa yule aliyefungwa, ndiye kijana ambaye Evanthia alimpenda. Wakaoana mwaka 1976, binti akiwa na miaka 21. Lo! Kijiji hakikulala.

"Nilivuka uwanja na sanduku moja," anasema Evanthia, akipangusa kaunta ambayo tayari ni safi. "Baba alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakunipiga, hakunitukana. Alifunga mlango, akatia komeo. Bora angenitukana, mwanangu. Tusi unaweza kulijibu."

Wakaishi hivyo miaka ishirini na saba, baba chini, binti juu, uwanja katikati. Asubuhi alimwona baba akitoa viti nje, jioni alimwona akivirudisha. Alipovibeba kimoja kimoja, binti alijua mgongo unamuuma. Baba naye aliwaona wajukuu wakijifunza kutembea kwenye mawe ya uwanja, na kila walipomkaribia aliingia ndani.

Yeye hakuwahi kwenda kubisha?

Anaweka kitambaa chini. "Nilisema, aliyefunga ndiye afungue. Mimi ndiye mtoto, najua, ilinipasa mimi. Lakini kiburi! Nilikirithi kwake, na sikukipunguza hata chembe."

Lambros alifariki mwaka 2003. Huku, maziko yakiisha, watu wote huenda mkahawani kunywa kahawa chungu, na konyagi kidogo, na mkate mkavu. Ndivyo marehemu anavyoagwa. Lambros alikuwa ameacha neno: kahawa ya maziko yake isipikwe ng'ambo ya uwanja, kwa binti yake. Basi ikapikwa kijiji cha pili, ikaletwa kwa gari kwenye chupa kubwa. Evanthia, aliyempikia kahawa kila maiti wa upande wa juu, siku hiyo alikaa nyuma ya dirisha lake.

"Chupa hazikufungwa vizuri," anasema. "Kahawa ilifika imepoa. Niliona watu wanavyokunja uso. Baba yangu, mwenye mkahawa maisha yake yote, akaagwa na kahawa ya baridi. Mimi nipo hapa, moto unawaka."

Machozi yanamtoka, na hayafuti.

Leo Skamnopetra ina watu 31 msimu wa baridi, na mkahawa mmoja. Wenye viti vya buluu wengine walikufa, wengine walimeza mate wakaingia kwa Evanthia. Zisis peke yake alikataa. Alibeba kiti kimoja cha Lambros, akakiweka chini ya upenu wa ng'ambo. "Ndani ni kwenu," alisema. "Nje ni kwa Mungu."

Baridi iliyopita alipata nimonia, akalazwa wiki mbili. Daktari alionya kwamba akikaa nje tena theluji ikianguka, asimlaumu mtu. Mzee alirudi na kukaa palepale. Evanthia akawa anaacha mlango wazi ili joto la jiko limfikie.

"Funga mlango, mama, tunaganda!" alipiga kelele Vaios, mwashi mstaafu, mteja wa kila siku. "Tunapasha joto uwanja mzima kwa sababu ya mkaidi mmoja!"

"Vaa koti."

Mwaka huu Evanthia alikusudia kufunga mkahawa, ahamie kwa binti yake katika mji wa Larisa. Mjane sasa, na kahawa ya yuro moja na nusu haimwachii kitu cha maana. Badala yake, akiba aliyoweka ya kuhamia ameitoa yote kumlipa fundi wa vioo. Kama mzee hataki kuingia mkahawani, basi mkahawa utatoka umfuate: chini ya upenu patajengwa chumba cha kioo, na kiti cha buluu kitabaki palepale kilipo.

Asubuhi hii Vaios amekuja na futi kamba kupima msingi. Anaivuta miguuni mwa mzee.

"Mnanipima jeneza?" anauliza Zisis.

"Tunakupima nyumba, mkaidi we! Inua mguu."

Mzee anainua mguu. Anaitazama futi kamba, anautazama upenu, na hatimaye ameelewa.  Vaios na Evanthia wanangoja asimame, abebe kiti chake, aondoke.

"Mlango utakuwa wapi?" anauliza.

"Mlango si huo hapo," Vaios anaonyesha mkahawa.

"Huo sipiti. Nataka wangu, unaotazama kule." Anaelekeza kidole chini, kwenye mkahawa wa Lambros uliofungwa. "Mniwekee mlango wangu, nitaingia."

Evanthia anaingia ndani haraka. Anashika ukingo wa karai la kuoshea vikombe, mgongo kwa watu.

"Mlango tu," anasema. "Baba naye labda alitaka mlango tu. Na mimi nilikaa miaka ishirini na saba namngoja apite kwenye wangu."

Vaios ameahidi kumaliza kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, theluji haijaanza. Siku hiyo Evanthia atapika kahawa chungu, vikombe vingi, na konyagi, na mkate mkavu. Itakuwa kahawa ya maziko ya Lambros. Mzee Zisis atapewa kikombe cha kwanza, kwa kuwa ndiye rafiki wa marehemu aliyebaki.

"Bado sijamwambia," ananong'ona Evanthia, akichungulia dirishani. "Akikataa, nitainywa mimi. Lakini safari hii itakuwa ya moto."