Ukuta Una Mwenyewe

Mafundi wa kila mji wana sentensi yao ya kuagia. Ya Panya ilikuwa hii: "Mimi umeme tu, mama. Ukuta una mwenyewe." Nyuma yake mfereji umeshuka kutoka darini hadi kwenye swichi, na vumbi la tofali limelala mpaka juu ya mito. Jina la Panya alipewa na wateja, naye hakulikataa. Ukiona ukuta umetafunwa, jua amepita.

Mwenyewe huyo alikuwa kaka yake, mpiga plasta. Kesho yake angefika na ndoo, aitazame mifereji, aangue kicheko. "Huyu mdogo wangu ana meno!" Kisha angeifukia hata usijue waya umepita wapi. Siku moja Panya alijitia kumsaidia, kaka akampokonya chombo mkononi.

"Weka chini! Mwiko kwako ni mwiko."

Walicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuchungulia. Ndivyo walivyoishi: mmoja anatoboa, mwingine anaziba, wote wanakula.

Ikaja nyumba ya mwalimu. Kaka alikuwa kitandani, mgongo umemkamata, na mwalimu alikuwa na wageni njiani.

"Ukuta una mwenyewe, mama."

"Mwenyewe si ndiye mimi, baba! Daktari akikupasua, anakuacha wazi ukatafute mshonaji?"

Panya akaweka bisibisi chini. Akachanganya saruji na mchanga wa uani, akaziba. Haikuwa kazi ya kujivunia, ila rangi ilisitiri. Mwalimu akamsifu kwa jirani, jirani kwa shemeji yake, na kila aliyepiga simu alianza na swali lile lile: "Unaziba mwenyewe, sivyo?" Panya alijibu ndiyo. Alijiambia ni mpaka kaka apone. Kaka akapona, na ndiyo ikabaki ndiyo.

Laiti kaka angefoka. Wakikutana kwa mama yao waliongea habari za mvua na dawa za mama, basi. Baadaye Panya akasikia kwamba kaka anabeba magunia ghalani, kwa mgongo ule ule.

Haukupita muda, plasta ya mwalimu ikapasuka, ufa ukaufuata mfereji toka juu mpaka chini. Panya akaenda ghalani. Njiani alikuwa ameyapanga maneno: kosa langu, kaka, turudi kama zamani. Alipofika akaeleza ufa tu.

Kaka alimsikiliza huku akijipangusa unga shingoni. "Uliulowesha ukuta kwanza?"

"Hapana."

"Ee! Ukuta mkavu ni mlevi, bwana. Utakunywa maji yote ya saruji, ubaki na vumbi. Mwagia, subiri unywe, mwagia tena. Na ukishaziba, usiiache ikauke mbiombio."

"Twende wote basi, kaka."

"Nikafanye nini? Si nimeshakwambia yote?" Akainama, wenzake wakamtwika gunia, akaenda.

Panya alifuata kila neno. Plasta ikashika, ufa haukurudi. Mwalimu alipitisha kiganja ukutani, hakuhisi kitu.

"Sasa umekamilika, fundi. Humhitaji mtu."

"Asante, mama," alisema Panya, akampa mgongo upesi, akajifanya anatafuta bisibisi.