Majina Juu ya Matuta

Mwaka ule tuliacha kuchoma nyasi za shule, na mengine yote yalianzia hapo.

Kabla ya hapo, kila kiangazi mteremko ulio nyuma ya mabweni ulitiwa moto, na kila msimu wa kupanda tuliulisha mbolea ya dukani. Hata hivyo mahindi yalizidi kuwa mafupi. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mekundu mpaka uwanja wa mpira, yakatuachia udongo wa shamba golini. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia na mlezi wa klabu ya mazingira. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba tunaweza kujilisha bila moto na bila mifuko ya mbolea, tukiupa udongo kile tulichokuwa tunauunguzia. Akanipa mwaka mmoja wa kujaribu.

Njia yenyewe sikuibuni mimi. Mimi ni mtu wa Mbeya, na kwetu tunalima matuta marefu. Nilipoyachora ubaoni, wanafunzi wa vijiji vya hapa Ufipa walicheka.

"Mwalimu, hayo ya kwenu huko. Hapa piga intumba."

Intumba ni tuta la mviringo. Nikueleze linavyotengenezwa, maana huenda nawe una shamba lililochoka. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na udongo bado laini, unazikata na kuzikusanya katika duara. Kisha unakata udongo wa pembeni pamoja na mizizi yake, unaugeuza, unazifunika nyasi mpaka lisionekane hata jani moja. Linabaki donge la kufika magotini. Ukiwahi, unapanda maharage juu yake. Ndani yake nyasi zinaoza polepole kiangazi chote, na mvua mpya zikianza unalivunja, unatawanya udongo ule mweusi, unapanda. Wakulima wa uwanda huu wameishi kwa njia hiyo tangu zamani. Usiogope kuanza na tuta moja.

Mimi nilianza na zaidi ya mia mbili, tuta moja kwa kila mwanafunzi. Tulichelewa, kwa hiyo hatukupanda maharage, na matuta yakabaki matupu. Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Kosa lilikuja kwa sababu napenda kila kitu kiwe na maelezo yake.

Nilitaka tujue nyasi ipi inaoza upesi. Nikaomba mabanzi ya msindano, yaani msonobari, kwa seremala mmoja wa Kizwite, tukayakata: kipande kirefu cha kusimama, kipande kifupi cha kulala juu yake, msumari mmoja katikati. Kwenye kile kifupi kila mwanafunzi aliandika kwa rangi nyeusi jina lake lote, kidato chake, na tarehe aliyozifukia nyasi zake. Tulifanya kazi Jumamosi nzima, wengine wakiimba. Sikuona chochote cha ajabu. Nilikuwa naona daftari kubwa la kisayansi limefunguliwa juu ya mteremko.

Jumatatu nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilitoka alfajiri kwenda kupiga kengele, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mapaa ya mabweni hayaonekani. Nikapita nyuma ya bweni la wasichana, nikasimama. Mbele yangu ukungu ulikuwa umeacha safu tatu au nne tu za matuta, nyingine zimemezwa. Kila tuta lilikuwa na msalaba wake, na kila msalaba ulikuwa na jina la mtoto niliyemfundisha. Na matuta yalikuwa yakifuka. Nyasi zikianza kuoza hutoa joto, na asubuhi ya baridi joto hilo huonekana kama pumzi. Nilijua hivyo, nilikuwa nimewafundisha hivyo. Bado nilirudi nyuma hatua mbili, na kengele ikachelewa siku ile.

Ningeving'oa vile vibao siku hiyo hiyo. Lakini niliona aibu, na wanafunzi walipoamka walilifanya jambo lenyewe kuwa utani.

"Oya mshikaji, umependeza. Wamekuzika karibu na njia."

"Wewe wamekuweka pembeni kabisa, hata mbuzi hawatakutembelea."

Nikasema, acha wacheke. Kicheko hicho hakikufika mwisho wa mwezi, kwa sababu mchwa walifika kabla.

Msindano mbichi ni laini, na mchwa wanaupenda. Walianza kula vibao kutoka chini, ndani kwa ndani, kiasi kwamba juu huoni kitu mpaka upepo upige na kibao kianguke chenyewe. Kila asubuhi tulikuta vimelala viwili vitatu. Wanafunzi wakaanza kwenda kukagua kabla ya kunawa uso. Nani kaanguka? Nani anafuata? Aliyekuta chake kimesimama alirudi akipiga mluzi. Aliyekuta chake kimelala aliambiwa, "Poa tu, andika nani arithi godoro," naye alicheka na wenzake, lakini nilimwona darasani akijishika mapigo ya mkono.

Katika hao alikuwepo msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye kwangu alikuwa ndiye sababu ya kuamka. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na siku ya mazishi yeye ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza. Alilelewa na bibi yake, mkulima wa kijiji kimoja nje kidogo ya Milanzi. Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Asiyeufanya haendelei, na niliwajua wasichana kadhaa walioondoka katikati ya mwaka kwa sababu ndogo tu, wakasema wanarudi, na leo nawakuta sokoni na watoto migongoni.

Kibao chake kilianguka siku ya Jumatano. Alhamisi hakunywa uji. Ijumaa hakula chochote, wala hakuuliza swali lolote. Nilimwita nje ya darasa.

"Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Ni kile kibao?"

Aligeuka kuutazama mteremko. Halafu akasema, "Lile tuta linaongea. Nalisikia nikiwa kitandani."

Nilimpeleka pale pale, mchana kweupe, nikapiga magoti na kuweka sikio kwenye udongo. Nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka kwa upole. Nikasikia. Ilikuwa sauti kavu, ya haraka, kama mtu anayekunja karatasi na kuikunjua, ikakoma, halafu ikaanza tena mahali pengine. Nikainuka, nikajifuta sikio, nikaeleza: mchwa askari wakishtuka hupiga vichwa vyao kwenye kuta za njia zao ili kuwaonya wenzao. Ni kweli kabisa. Alinisikiliza kwa adabu yote.

"Sasa wanaonyana kuhusu nini, mwalimu?"

"Kuhusu sisi. Wametusikia."

Lile jibu halikumsaidia. Nadhani lilimwongezea hofu.

Jumapili ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto, na bibi yake akaja. Mtu alikuwa amempelekea habari. Alipita moja kwa moja mpaka mteremkoni, kitenge kimefungwa kwa nguvu, akasimama katikati ya vibao akivitazama kimoja kimoja. Nikamfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa haya?"

"Ndiyo, bibi. Hizi ni intumba. Tunataka udongo wa shule..."

"Intumba unanifundisha mimi?" Hakupandisha sauti. "Nimezipiga tangu sijui hata kufunga kitenge. Tuta ni zuri. Wamelifunika vizuri. Lakini sijaona maishani mwangu tuta lenye jina la mtu."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu, bibi."

"Anayewekewa kumbukumbu ni aliyeondoka. Huyu wangu ameondoka?"

Nikaanza kueleza habari za mchwa. Akaniinulia kiganja.

"Mchwa nawajua. Sina ugomvi na mchwa. Nina neno na wewe."

Mjukuu wake alikuwa amesimama chini kidogo, mikono ndani ya sweta. Nikaona nafasi yangu ni moja. Nikasema tulifungue tuta lake, tuangalie ndani, kila mtu aone kwamba kilichomo ni nyasi. Bibi alinitazama, akanyoosha mkono akitaka jembe. Alilifungua mwenyewe, mapigo manne, kwa ustadi ambao mimi sitaupata. Mvuke ukapanda. Ndani nyasi zilikuwa bado zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na katikati yake zilipita nyuzi nyeupe za ukungu wa kuoza, nyembamba, nyingi, kama mvi. Harufu ilikuwa nzuri, ya udongo mpya. Nilifurahi.

"Unaona? Nyasi tu. Njoo ushike, zina joto."

Msichana akasogea, akachungulia kwa muda mrefu.

"Na jina langu liko wapi?"

Nikatafuta kibao. Nilikuwa na hakika kiko pale pale kilipoangukia. Palikuwa na ukoko wa udongo wa mchwa wenye umbo la kibao, nao nilipougusa ukasagika vidoleni. Mchwa walikuwa wameshakila chote na kwenda zao. Niliokota msumari.

"Wamelipeleka chini," alisema yule mtoto.

Bibi alimwambia maneno machache ya Kifipa, polepole, halafu akanigeukia. "Nakwenda naye. Akafunge sanduku."

"Mpaka lini, bibi? Kuna mtihani."

"Mpaka awe anakula."

Walishuka wote wawili kuelekea bwenini. Nilibaki na msumari mkononi, na maelezo yangu yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililomfaa mtu. Nikafanya kitu pekee nilichoweza kufanya, ambacho nilipaswa kukifanya ile Jumatatu ya kwanza. Nikaenda safu ya juu kabisa, nikaanza kung'oa vibao.

Nina mazoea ya mwalimu: nikiona jina nalisoma. Niling'oa cha kwanza, nikalitamka jina kwa sauti ya kawaida, nikakiweka kwapani. Upepo ulikuwa unashuka kwenda bwaloni, walikokuwa wameketi wanafunzi na wageni wao.

"Nipo, mwalimu!"

Alikuwa mchekeshaji mmoja wa kidato cha nne, mdomo umejaa chapati ya mama yake. Watu wakacheka. Nikang'oa cha pili, nikalisoma. Ikaja sauti ya msichana kutoka dirishani: "Nipo." Cha tatu. "Nipo." Sasa hakuna aliyecheka. Nikaongeza sauti. Wakaanza kutoka, wakajipanga chini ya mteremko bila kuambiwa, wazazi nyuma yao, na kila jina lililotoka kwenye udongo lilipata mtu wa kulipokea. Vibao vingine vilikuwa vimeliwa nusu, nikawa na herufi tatu tu mkononi, lakini kabla sijabahatisha, mwenye jina alishaita, "Huyo ni mimi, mwalimu. Nipo."

Ilichukua muda mrefu. Mkono uliniuma na koo lilikauka. Nilipofika cha mwisho jua lilikuwa limeelekea milimani, na nilipogeuka nikawaona bibi na mjukuu wake wamesimama kwenye kona ya bweni, sanduku la bati chini kati yao. Sijui walikuwa wamesimama hapo tangu lini.

Kibao chake hakikuwepo cha kung'oa. Nikatamka tu jina lake, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye daftari la mahudhurio.

Hakuitika. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa kimya, na nilisikia tena ile sauti kavu chini ya miguu yangu, ikipita kutoka tuta hadi tuta.

Nikalitamka mara ya pili.

"Nipo."

"Sauti gani hiyo?" bibi akasema. "Ugali wa watu umekula tangu Januari."

"Nipo!"

Bibi aliinama, akajitwisha lile sanduku, akaingia nalo bwenini. Alipotoka hakuwa nalo. Alimkalisha mjukuu wake kwenye ngazi za bwalo, akamfungulia viazi alivyomletea, akasimama juu yake mpaka vikaisha.

Vile vibao nilivipeleka jikoni viwe kuni, kwa kuwa kutupa mti si desturi ya klabu ya mazingira. Mpishi aliutazama mzigo mzima mlangoni mwake, akakataa kuupokea. "Siwapikii watoto kwa majina yao," alisema. Alikuwa na haki. Basi wiki iliyofuata, baada ya vipindi, wanafunzi walikaa kwenye majani wakivikwangua kwa vipande vya chupa, kila mmoja chake, mpaka mbao zikawa nyeupe. Yule msichana hakuwa na cha kukwangua. Alichukua kipande cha chupa, akakaa karibu na mwenzake aliyekuwa na jina refu, akaanza kutokea upande wa pili huku akiniuliza, bila kuinua uso, mchwa wanajuaje wapi pa kugeukia gizani.